Bibi Motrya Anaharibu Mahame

Jumapili, tarehe tano Mei, mwaka elfu mbili na kumi na tisa, Kurugenzi ya Mahame na Ukarimu iliuandalia umma tangazo lifuatalo: "Kijiji cha Stari Verby, kilichomo ndani ya Kanda iliyofungwa tangu kinu cha nyuklia cha Chornobyl kilipolipuka, kimetimiza masharti yote, na leo kinapandishwa rasmi kuwa Mahame ya Daraja la Kwanza. Wageni kutoka pande zote za dunia wanakaribishwa kuja kuona mahali pasipo na mtu."

Tangazo hilo halikusomwa. Mimi, Zinovia Lukivna, Afisa Mwandamizi wa Ukiwa katika Kurugenzi hiyo, nimeagizwa kueleza kwa nini. Nitaeleza kwa utaratibu, bila kumpendelea mtu wala kumwonea, hasa kwa kuwa mhusika mkuu ni Mkurugenzi wangu, na wakati tangazo lilipotakiwa kusomwa hakuwa na suruali.

Ni vyema kwanza shughuli yetu ieleweke. Wageni hutulipa ili wasione kitu. Mtu aliyevuka bahari na kupanda basi letu asubuhi pale Kyiv anataka apelekwe kwenye nyumba isiyo na mwenyewe, kitanda kisicho na mtoto, na saa ya ukutani iliyochoka kusema ukweli. Anataka asimame katikati ya barabara, asikie kimya, akirekodi kimya hicho, kisha arudi kwao akawasikilizishe wenzake. Kwa vigezo hivyo Stari Verby ilikuwa na sifa nyingi. Mapaa yalikuwa yamebonyea vizuri. Mibetula, ile miti ya magome meupe, ilikuwa imeota sebuleni na kutokea dirishani. Lakini Stari Verby ilikuwa pia na Bibi Motrya Harasymivna.

Bibi Motrya alihamishwa pamoja na wenzake kinu kilipolipuka. Waliambiwa ni kwa siku chache tu, wachukue vitambulisho na chakula cha njiani. Yeye alizisubiri siku chache hizo mpaka zikaisha, akaona hakuna anayekuja kumrudisha, akarudi kwa miguu kupitia msituni. Yupo tangu hapo. Anapanda viazi, anafuga kuku, na kila Jumamosi anafua mapazia.

Mapazia hayo ndiyo yaliyoanzisha malalamiko. Mgeni mmoja aliandika kwamba amefanya safari ndefu kuja kuona maangamizi, akakuta pazia limepigwa pasi. Mwingine aliandika kwamba alipokuwa akirekodi kimya, kuku alitangaza yai. Wa tatu, na huyu ndiye aliyemwumiza Mkurugenzi kuliko wote, aliandika kwamba katika mahame yetu amekaribishwa chai.

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Valerian Osypovych, hakulala juu ya jambo hilo. Aliunda Kamati ya Kuinua Viwango vya Ukiwa, akajiteua mwenyekiti, akajishukuru kwa kukubali. Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Ilinunua wanasesere wapya sokoni, ikamtoa kila mmoja jicho moja, ikawalaza kwenye vitanda vitupu ili mgeni apate kusikitika. (Mimi nilipewa kijiko na wanasesere wa kundi langu. Niliwageuza kifudifudi kwanza, kwa sababu mimi ni mama.) Ilipeperusha vumbi kwa chekecheo la unga juu ya madawati ya shule. Ilichukua ovaroli zote za akiba kutoka stoo ya kituo cha ukaguzi, zile anazopewa mtu ambaye nguo zake zimeshika mionzi, ikazichanachana na kuzitundika kwenye ua ili zipigwe na upepo kwa namna ya kutisha. Sajenti Yukhym wa kituo cha ukaguzi aliuliza, "Na mtu akichafuka, nitamvisha nini?" Alijibiwa kwamba swali lake halikuwa na mtazamo wa kimkakati.

Kilichobaki kilikuwa kumwondoa Bibi Motrya.

Alhamisi nilifuatana na Mheshimiwa kwenda kumsomea amri. Tulimkuta akilipaka jiko lake chokaa. Mheshimiwa alisimama mlangoni, kwa kuwa alikuwa amevaa suti mpya ya rangi ya maziwa, aliyoishonesha mahsusi kwa ajili ya siku ya tangazo na ambayo alikuwa akiizoesha mwili.

"Bibi Motrya Harasymivna," alianza, "kwa mujibu wa kumbukumbu za Kurugenzi, kijiji hiki hakina mkazi. Kwa hiyo wewe, kisheria, hupo hapa."

"Haya," alisema Bibi Motrya bila kugeuka. "Na huyo unayemsomea karatasi ni nani?"

"Ninakusomea wewe, kwa tahadhari tu."

"Basi paza sauti, baba. Mtu asiyekuwepo hasikii vizuri."

Mheshimiwa alipaza sauti. Amri ilisema kwamba Jumamosi gari litamchukua na kumpeleka mjini, kwenye fleti ya ghorofa ya tisa yenye roshani inayotazama maegesho ya magari.

"Lifti inafanya kazi?" aliuliza bibi.

"Lifti imo kwenye mpango."

"Na kuku wangu?"

"Kuku watashughulikiwa."

"Nimeona mnavyoshughulikia. Yule mwanasesere mliyemlaza nyumbani kwa marehemu Khivrya mmemng'oa jicho."

"Huo ni ukiwa, bibi. Wageni wanaupenda."

"Khivrya hakuwahi kuwa na mwanasesere. Alikuwa na wavulana watano, na wote walikuwa wezi wa matufaha. Ukitaka kumkumbuka Khivrya, weka matufaha, halafu yaibwe."

Mheshimiwa aliniagiza niandike pendekezo hilo, kisha akaniagiza nilifute. Bibi Motrya akaweka brashi chini, akajifuta mikono.

"Sikiliza, Valerian mwana wa Osyp. Mama yangu yuko makaburini. Mume wangu Hryhir yuko palepale langoni mwa makaburi, chini ya mbetula. Kila mwaka, Jumapili ya Kusindikiza, wiki moja baada ya Pasaka, mama namfungia aproni mpya msalabani, na Hryhir namfungia taulo lililotariziwa. Ndivyo tunavyowavisha wetu huku, unajua hata wewe. Nikiwa ghorofa ya tisa, nani atawavisha?"

"Kurugenzi itaajiri mtu."

"Mama yangu afungiwe aproni kwa zabuni?"

"Zabuni ya wazi," alisema Mheshimiwa kwa upole. "Kila mwenye sifa ataruhusiwa kuomba."

Bibi Motrya alifungua kasha lake, akatoa aproni nyeupe iliyotariziwa maua mekundu chini, nyuzi zimebanana, kazi ya majira mengi ya baridi. "Hii ni ya msalaba wangu mwenyewe," alisema. "Imeshakwisha. Mimi nikitoka humu ndani nakwenda hadi pale kwenye mbetula, basi. Si mbali. Gari lako silihitaji."

Mheshimiwa aliitazama aproni, akaisifu, akaelekeza iandikishwe miongoni mwa vivutio. "Na ieleweke," aliongeza, "kila kitu kilichomo ndani ya mahame ni mali ya mahame. Anayekitoa nje ni mporaji, na mporaji anafungwa. Kanuni hiyo niliiandika mimi."

Nathibitisha kwamba ni kweli. Aliandika pia ile kanuni nyingine maarufu, inayosema kwamba chochote kitakachowasha taa nyekundu kwenye lango la kupimia mionzi hakitoki ndani ya Kanda, hata kiwe cha nani. Kwa kanuni hiyo, mwaka uliotangulia, Panas, dereva wa zamani wa trekta wa kijiji hicho, aliyekuja kupalilia kaburi la baba yake, aliacha buti zake langoni na kurudi Kyiv na soksi. Alipolalamika, Mheshimiwa alimwambia kwamba kanuni haina shemeji.

Jumamosi nilitumwa na gari. Nilimkuta Bibi Motrya ameshaumua unga wa mikate ya makaburini. Umefura mpaka umeinua kitambaa. Nilipitia amri yote na sikuona popote inapoeleza namna ya kumhamisha mtu mwenye unga uliokwisha kuumuka. Kupakia ndoo ya unga kwenye gari la serikali kungehitaji kibali. Kuuacha uporomoke kungekuwa dhambi. Nilirudi mjini na kuripoti kwamba zoezi limesogezwa mbele kwa sababu za kitaalamu.

Mheshimiwa alikasirika, kwa kuwa Tume ya Madaraja ya Vivutio ilikuwa inafika kesho yake. Hata hivyo alipata suluhisho. Asubuhi ya Jumapili bibi ataingizwa kwenye ghala lake la viazi lililochimbwa ardhini, atakaa humo kimya mpaka Tume ipite, halafu gari litamchukua kutokea humo moja kwa moja. "Atatoka gizani kwenda ghorofa ya tisa," alisema Mheshimiwa. "Hayo nayaita maendeleo."

Labda msomaji anajiuliza kwa nini Tume iliitwa Jumapili ya Kusindikiza, ambayo kila mwenye maiti wake huenda kula naye. Hapa lazima nieleze hoja ya Mheshimiwa kama alivyoitoa mbele ya Kamati. "Jumapili ya Kusindikiza," alisema, "nchi nzima ipo makaburini. Majumbani hakuna mtu, vijijini hakuna mtu, mpaka mbwa wamefuata mifupa. Ukiwa unajileta wenyewe bila gharama! Ni siku gani nyingine inayofaa zaidi kuonyesha kijiji kitupu?" Kamati ilipiga makofi. Kila aliyekuwa mezani alikuwa na wafu wake, na kila mmoja alikuwa ameshanunua mayai ya kuwapelekea. Lakini hakuna aliyekumbuka kwamba makaburi ya watu wa Stari Verby yapo Stari Verby.

Lilibaki tatizo moja dogo, nalo lilikuwa hewa safi. Mgeni akikodisha kipima-mionzi anataka kilie. Katikati ya Stari Verby, kwa bahati mbaya, vipima vilikuwa vikilia polepole kuliko kile cha ofisini kwangu mjini. Mheshimiwa aliona hali hiyo ni aibu kwa taasisi. Akaenda yeye mwenyewe na ndoo hadi karibu na kinu, akabandua kuvumwani, ule mmea laini unaotambaa kama zulia juu ya zege lenye unyevu na kunyonya uchafu wote. Wafanyakazi walikataa kushika ndoo ile; yeye akasema hawana jicho la kisanii. Akavaa glavu, akautandaza mmea huo mahali alipopaona panapendeza kuliko pote kijijini: langoni mwa makaburi, chini ya mbetula, ubavuni mwa kaburi la Hryhir.

Nilishauri kiwekwe kibao chekundu cha tahadhari. Alisema kibao kitaharibu mshangao.

Siku ikawadia. Bibi Motrya aliingia ghalani na kikapu chake, bila kubishana, jambo lililonitia wasiwasi. Alisema tu, "Zinovia, mwanangu, jua likifika kwenye mbetula mimi natoka kuwavisha watu wangu. Mwambie mkubwa wako asije akasema hakuambiwa." Nilimwambia mkubwa wangu. Alisema jua halina ratiba ya kuingilia shughuli za Kurugenzi.

Tume ilifika ikiongozwa na Bi Emilia Vikentiyivna, mwanamke mrefu, mwenye miwani, asiyecheka kwa hasara ya serikali. Alitembezwa kwenye nyumba za mwanzo, akaonyeshwa vumbi na mwanasesere, akatikisa kichwa kwa huzuni inayostahili. Mheshimiwa alinikonyeza. Ndipo tukasikia injini, na mabasi yakaingia barabara kuu ya Stari Verby, mawili kwa mpigo, na magari madogo nyuma yake. Walishuka wanawake wenye vitambaa vichwani, wanaume waliobeba reki na majembe, watoto, vikapu, mikate mitamu ya Pasaka, mayai yaliyochorwa, chupa za horilka, pombe yetu kali. Walikuwa wakisalimiana kwa kelele kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine, kama watu waliofika kwao.

Mheshimiwa alikimbilia mbele yao, amenyoosha mikono. "Jificheni!" aliwaambia kwa sauti ya chini. "Jamani, jificheni kidogo tu, nusu saa!"

Panas, yule wa buti, alimtazama kutoka juu, kwa kuwa ni mtu mrefu. "Tumefichwa miaka thelathini na mitatu, kijana," alisema. "Leo tumekuja kula."

"Hawa ni kina nani?" aliuliza Bi Emilia, aliyekuwa amekwisha kufika.

Nakiri Mheshimiwa ana kipaji. Hakupepesa hata jicho. "Waigizaji," alisema. "Wanaonyesha maisha yalivyokuwa. Ni sehemu ya huduma zetu mpya."

Bi Emilia aliwatazama kwa heshima. Mwanamke mmoja alikuwa amefika kwenye uzio wa nyumba yao ya zamani, ameushika kwa mikono miwili, analia. "Yule analia vizuri mno," alisema Bi Emilia. "Nani amemfundisha?"

"Mama mkwe wangu," alijibu Panas. "Alikuwa mwalimu mkali sana."

Msafara wote ukaelekea makaburini. Familia zilifungua vitambaa na kuvitandika kando ya makaburi, na watu wa Panas, ambao baba yao amelala jirani na Hryhir, walitandika palepale langoni, chini ya mbetula. Niliwaona watoto wakielekea kwenye ule mmea laini kukaa. Niliwaambia kwamba upande wa pili kuna jua zuri zaidi, nikawahamisha kwa sababu za kiutawala.

Bi Emilia alipokaribia lango, kipima chake kililia kama jogoo aliyekanyagwa mkia.

Hicho ndicho Mheshimiwa alichokuwa amekiota kwa wiki nzima. Lakini katika ndoto yake hapakuwa na watoto wenye mayai mikononi. Bi Emilia alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Valerian Osypovych, taarifa yako inasema hapa pamepimwa na ni salama. Sauti hii inatoka wapi?" Akaanza kuinama, akipeleka kipima huku na huku, akikaribia.

Mheshimiwa alikuwa na njia mbili: kusema, au kukaa. Akakaa. Alikaa juu ya kuvumwani ile kwa uzito wake wote na suti yake ya rangi ya maziwa, kama mtu anayekalia simu inayoita msibani. Sauti ikapungua. "Ni upepo," alisema akitabasamu.

Hapo pangekwisha, lau angeweza kuinuka. Lakini alikuwa ameketi ukingoni mwa kitambaa cha watu, kando ya kaburi, Jumapili ya Kusindikiza, na mtu wa kwetu hainuki hapo mpaka wenye kitambaa wawe wamewataja wafu wao wote na kunywa kwa kila mmoja. Mke wa Panas alimwekea yai, mkate, na kipande kinene cha mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi. "Kula, baba, umekonda kwa kazi," alisema, ingawa hakuwa amekonda. Panas akajaza glasi.

"Kwa baba yangu, Omelko," alisema. Wakanywa.

"Kwa kaka yake Omelko, aliyekwenda kuzima moto kule kinuni na hakurudi." Wakanywa.

"Kwa shangazi Khivrya." "Kwa wavulana wake." "Kwa yule jirani aliyefia ghorofa ya tisa kwa sababu lifti ilikuwa kwenye mpango."

Stari Verby ina marehemu wengi. Kila jina lilipotajwa Mheshimiwa alijitikisa kidogo, na kila alipojitikisa kipima cha Bi Emilia kilikohoa. Wakati huo jua lilikuwa limefika kwenye mbetula. Kutoka upande wa kijijini akaja Bibi Motrya, taratibu, na kikapu mkononi na udongo wa ghala la viazi magotini.

"Na huyu?" aliuliza Bi Emilia.

"Mwigizaji mkuu," alisema Mheshimiwa, mdomo umejaa yai.

"Mimi?" alisema Bibi Motrya. "Nimeigiza nini, kiazi? Ondoka hapo, Valerian, umemkalia mume wangu."

"Siwezi kuondoka, bibi. Naheshimu marehemu."

"Unawaheshimu kwa makalio?"

Watu walicheka makaburini, na huko kwetu si kosa. Bibi Motrya alimfungia mama yake aproni. Alimfungia Hryhir taulo, akalinyoosha, akampa habari za mwaka mzima: viazi vilivyooza, kuku aliyechukuliwa na mbweha, na kwamba kuna gari linamsubiri. "Wanasema leo ndiyo mwisho," alimwambia. "Sijui, Hryhir. Nimekuletea mkate hata hivyo."

Sikuandika chochote wakati huo. Kalamu ilikuwa na hitilafu.

Saa ya kutoka ilifika. Tume, familia na Kurugenzi tulipanga foleni kwenye kituo cha ukaguzi, na gari la kumchukua Bibi Motrya lilikuwa nyuma yetu, naye amekaa ndani, kikapu mapajani. Kila mtu aliingia kwenye lango la kupimia, akaweka mikono ubavuni, taa ya kijani ikawaka, akapita. Mheshimiwa aliingia. Taa nyekundu iliwaka na kengele ikalia mpaka kunguru wakaruka.

Sajenti Yukhym alikaza mkanda. "Suruali, Mheshimiwa."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Naongea na aliyeandika kanuni. Suruali."

"Kanuni haina shemeji!" alipaza sauti Panas kutoka nyuma.

Suruali ilivuliwa. Lango likasema bado. Koti likafuata. Lango likasema bado. Kilichofuata sikiandiki, itoshe kusema kwamba kulikuwa na bomba la maji baridi nyuma ya kibanda, na kwamba hatimaye taa ya kijani iliwaka juu ya Mheshimiwa akiwa kama alivyozaliwa, isipokuwa kofia ya Sajenti, aliyopewa ya kushikilia mbele.

"Nileteeni ovaroli ya akiba!" aliomba akitetemeka.

"Zipo kule kijijini," alisema Sajenti. "Kwenye ua. Zinatisha vizuri sana."

Wanaume wa foleni walijikagua na kugundua kwamba kila mmoja alikuwa na suruali moja tu, na wengine makoti yao walikuwa wanayahitaji kwa sababu ya upepo. Panas alitazama buti zake mpya kwa makini. Ndipo mlango wa gari ulipofunguliwa, Bibi Motrya akashuka. Hajui kumtazama mtu akipigwa na baridi. Nadhani ni udhaifu wake pekee. Alitoa kwenye kikapu aproni nyeupe yenye maua mekundu. "Chukua, mwanangu. Jifunge, usije ukaugua mapafu."

Mheshimiwa aliifunga kwa haraka. Ilimfika magotini mbele. Nyuma hakukuwa na mpango.

"Hapo hapo," alisema Sajenti Yukhym, akifungua daftari la vitu vinavyotoka. "Aproni hii imetoka wapi?"

"Stari Verby."

"Ambayo ni mahame. Kilichomo ndani ya mahame ni mali ya mahame. Anayekitoa nje..."

"Ni zawadi!" alisema Mheshimiwa. "Ni ya bibi huyu, amenipa!"

"Bibi yupi? Kwa amri yako, Stari Verby haina mkazi." Sajenti alisikitika kwa dhati. "Kama hakuna mkazi, hakuna mwenye aproni. Kama hakuna mwenye aproni, wewe ni mporaji, Mheshimiwa, na pingu ninazo. Nayo ikirudishwa, basi..." Akaonyesha barabara ndefu ya kwenda Kyiv, ambayo ina upepo.

Bi Emilia Vikentiyivna alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nasubiri kwa hamu," alisema. "Huyu bibi ni mwigizaji, ni mwizi mwenzako, au ni nani?"

Mheshimiwa alitazama pingu. Akatazama foleni. Akatazama chini, kwenye maua mekundu.

"Ni mkazi," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema vizuri," alisema Bibi Motrya. "Asiyekuwepo hasikii."

"Ni mkazi wa Stari Verby!" alipiga kelele Mheshimiwa. "Yupo! Alikuwepo jana, yupo leo, ana nyumba, ana kuku, na hiyo aproni ni yake, jamani nafa kwa baridi!"

Bi Emilia aliandika maneno hayo kama yalivyo, akayatia sahihi palepale juu ya boneti la gari lililokuja kumhamisha, na kuliamuru gari hilo limrudishe bibi kwake. Kisha akauliza habari za kuvumwani. Mheshimiwa alijibu kwa kirefu, akiwa ameugeuzia ukuta mgongo. Kesho yake kuvumwani ilirudi ilikotoka kwa ndoo ileile, ikibebwa na mkono uleule, huku Sajenti akitembea nyuma kwa umbali wa heshima.

Kabla gari halijageuka nilimwuliza bibi kama anataka aproni yake irudishwe. Aliifikiria, akamtazama Mheshimiwa akipanda basi kinyumenyume.

"Mwachie," alisema. "Sasa msalaba wangu hauna nguo. Nitalazimika kukaa mpaka nishone nyingine, na macho yangu siku hizi ni mazito. Hryhir nitamwambia mwenyewe kwamba nitachelewa."

Hiyo ndiyo sababu tangazo halikusomwa. Hata hivyo Kurugenzi haikukosa mahame. Ofisi ya Mheshimiwa Valerian Osypovych imebaki tupu tangu alipoitwa kujieleza, na inatimiza masharti yote: chai imegandia kikombeni, saa imesimama, simu haijibiwi. Tumeweka mwanasesere mmoja kwenye kiti chake, naye ana macho yote mawili. Wageni wanaruhusiwa kupiga picha.

Nawe uliyefika hapa, usikae na habari hii peke yako. Mwambie jirani, msomee aliye nyuma yako kwenye foleni, mpe anayefunga safari ya kuja kutazama mahali pasipo na mtu: Stari Verby yupo mtu. Abishe hodi kwanza. Pazia asilipige picha kabla ya kusalimia, na kama ana nafasi mfukoni, aje na uzi mwekundu.